Kukimbia Mzunguko wa Mfereji na Bustani: Kupanga Njia, Kutunza Mwendo na Kurudi Salama

Miongoni mwa njia zote anazoweza kuzichagua mtu anayekimbia mbio za pole, ile inayofuata ukingo wa mfereji wa mashua kwa kilomita kadhaa, ikauacha mfereji huo kwenye daraja fulani, ikakata katikati ya bustani pana ya nyasi na miti, kisha ikamrudisha pale alipoanzia, ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa karibu kila anayeniuliza. Haina magari, hairudii mandhari, na inaufundisha mguu kukanyaga udongo, kokoto, nyasi na mizizi ndani ya saa moja. Hata hivyo, njia hii ina hila yake, na wengi wanaoichukia baada ya siku ya kwanza huichukia kwa sababu ya hila hiyo: sehemu ya mfereji ni tambarare mno hivi kwamba mkimbiaji hajui kuwa amekwenda kasi hadi anapoingia bustanini, ambako ardhi huanza kupanda na miguu tayari imekwisha. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami sijaona mahali ambapo msemo huo ni wa kweli zaidi kuliko kando ya maji yaliyotulia. Sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu namna ya kuutumia utambarare huo bila kudanganywa nao.

Kuujua mfereji kabla ya kuukimbilia

Mto hushuka kadiri unavyosonga, lakini mfereji wa mashua hausongi kwa namna hiyo. Maji yake yamezuiwa yakae katika usawa mmoja kwa umbali mrefu, na pale ambapo ardhi inabadilika kimo, wajenzi waliweka malango ya kupandishia mashua, yaani visima vya mawe vyenye milango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa au kupunguzwa ili mashua ipande au ishuke. Mfereji wa Canal du Midi huko Ufaransa, wenye urefu wa kilomita zipatazo 240, ulikamilika mwaka 1681. Ule wa Bridgewater huko Uingereza, ulioanzisha enzi ya ujenzi mkubwa wa mifereji nchini humo, ulifunguliwa mwaka 1761. Wajenzi wa zama hizo mara nyingi waliona ni nafuu kukizunguka kilima kuliko kukitoboa, na kwa sababu hiyo mifereji mingi ya kale hupinda kama nyoka katika nchi ambayo kwenye ramani inaonekana rahisi kukatiza.

Njia unayoikimbilia ukingoni haikutengenezwa kwa ajili ya miguu ya watu peke yao. Ilikuwa njia ya farasi, ambao walivuta mashua zenye shehena kwa kamba ndefu kabla ya injini kuchukua kazi hiyo. Ukilielewa jambo hili, mengi utakayoyaona yatakuwa na maana. Njia iko karibu sana na maji kwa sababu kamba ilipaswa kuvuta bila kukwaa kwenye miti. Inabanwa na kuinama chini ya madaraja kwa sababu kupanua daraja kulikuwa ghali na farasi mmoja alihitaji nafasi ndogo. Kwenye kona za madaraja ya kale ya mawe utakuta michirizi iliyochimbika, nayo ni alama za kamba zilizokuwa zikisugua hapo miaka nenda miaka rudi. Kwa kawaida njia ipo upande mmoja tu wa maji, na mahali fulani huhamia upande wa pili kupitia daraja lililopindwa kwa ustadi ili farasi avuke bila kufunguliwa kamba yake. Mkimbiaji asiyelijua hilo hufika pale njia inapokwisha ghafla, akasimama kwenye majani marefu akidhani amepotea, ilhali alipaswa kulipanda daraja.

Kwa mwili wako, maana ya haya yote ni kwamba kati ya lango moja na jingine hakuna mpando wowote. Mpando wote umekusanywa kando ya malango, kwa kawaida mita mbili au tatu kwa kila lango, katika kijiteremko kifupi na kikali ambacho mara nyingi kimejengwa kwa matofali au mawe yanayoteleza. Kama ramani inaonyesha malango matano yaliyofuatana, jua kwamba hapo ndipo kilima chako kilipo, nawe jipange kukipanda kwa kutembea. Na pasipo na lango, misuli ileile itapiga kazi ileile kwa maelfu ya hatua bila kubadilishana na mingine. Mtu anayezoea barabara za milima hushangaa mashavu ya miguu yake yakiuma baada ya kilomita sita za tambarare, naye hakosei kushangaa.

Kupanga mzunguko

Kipimo changu cha urefu ni kimoja, nacho ni kikali: usikimbie mzunguko ambao huwezi kuutembea wote kwa raha. Katika njia ya kwenda na kurudi, mtu anayechoka hugeuka tu. Katika mzunguko, ukishapita nusu, njia fupi ya kwenda nyumbani ni kuendelea mbele, upende usipende. Kwa anayeanza, kilomita nne au tano zinatosha kabisa, na anayezoea anaweza kufikiria kilomita nane hadi kumi na mbili.

Chukua ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, iwe ya karatasi au ya simu. Katika ramani ya kipimo cha 1:25,000, sentimita nne ni sawa na kilomita moja ardhini, na kipande cha uzi kilicholazwa juu ya mipindo ya mfereji kitakupa umbali wa kweli kuliko jicho. Usikadirie mfereji kwa mstari ulionyooka, kwa maana mipindo niliyoitaja inaweza kukuongezea umbali mkubwa usioutarajia. Kisha tazama kontua za bustani: mistari iliyosogeleana ni mwinuko mkali, iliyoachana ni mteremko wa pole. Andika mahali ambapo mwinuko mkuu upo, kwa sababu nguvu zote utakazozitunza mferejini zinatunzwa kwa ajili ya hapo.

Baada ya hapo, hesabu madaraja. Mfereji ni kizuizi: kati ya daraja na daraja huwezi kuvuka, na mara nyingi huwezi hata kutoka, kwa kuwa upande wa pili wa njia kuna ua, ukuta au shamba la mtu. Ukilipita daraja ulilopaswa kutokea, huenda ikakubidi kukimbia kilomita nzima zaidi kabla ya kupata jingine. Likariri daraja lako la kutokea na lile linalolitangulia. Katika mifereji ya Uingereza madaraja mengi yana kibao chenye namba, na namba hiyo ina faida mbili: inakuambia uko wapi, na endapo utalazimika kupiga simu ya dharura, ni anwani iliyo bora kuliko kusema uko karibu na miti fulani. Pasipo na namba, tafuta alama nyingine, kama vile lango la maji, bomba linalovuka juu, au mnara unaoonekana kwa mbali.

Weka pia njia mbili za mkato. Moja iwe ya kukutoa mferejini mapema na kukurudisha mwanzo endapo kifundo cha mguu kitaleta shida katika kilomita za kwanza; nyingine ikatishe bustani bila kupanda kilima. Hutazitumia mara nyingi, lakini siku utakayozihitaji hutakuwa na utulivu wa kuzitafuta.

Hesabu ya muda ifanywe kwa mwendo wa kutembea. Mzunguko wa kilomita sita unaweza kukuchukua dakika arobaini ukiwa unakimbia, lakini ukiteguka mguu mahali palipo mbali zaidi utarudi kwa kuchechemea, na hata mtu mzima wa afya anayetembea kilomita tano kwa saa atahitaji saa moja na dakika kumi na mbili kuumaliza. Mwanga wa jua uliobaki, nguo ulizovaa na chaji ya simu vipimwe kwa saa hiyo ndefu. Kumbuka vilevile kwamba bustani nyingi zenye uzio hufunga malango yake jioni, na saa ya kufunga hubadilika kulingana na majira. Mzunguko unaopita ndani ya bustani iliyofungwa unakoma kuwa mzunguko. Soma kibao cha langoni siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza, kwa kweli, usikimbie. Itembee njia yote. Utagundua mahali panapotuama maji, ngazi ambazo ramani haikuzionyesha, lango linalofungwa kwa kufuli, na shamba lenye ng'ombe. Najua ushauri huu unaonekana kama kupoteza siku, lakini sijawahi kujuta kuutembea mzunguko mpya, na nimejuta zaidi ya mara moja kutoutembea.

Uanzie upande gani

Swali la mwelekeo lina jibu ninaloliamini: anza na mfereji, malizia na bustani. Utambarare wa mfereji ni mahali pazuri pa kupasha misuli moto bila kuishtua, na macho bado ni makini wakati unapokimbia karibu na maji. Mkimbiaji aliyechoka huburuta miguu, na kuburuta miguu juu ya nyasi kuna hatari ndogo kuliko kuburuta miguu hatua moja kutoka majini. Kwa anayekimbia jioni sababu ni kubwa zaidi, kwa kuwa ukingo wa maji unapaswa kuwa nyuma yako kabla giza halijaingia.

Upo upepo pia. Bustani ya wazi juu ya kilima hupigwa na upepo kuliko mfereji uliozungukwa na miti, na kanuni ya kawaida ni kuupokea upepo usoni mwanzoni ili ukusukume mgongoni mwishoni, wakati jasho limeshalowanisha nguo na baridi inauma. Siku ambayo upepo ni mkali na unavuma kinyume cha mpango wako, geuza mzunguko, mradi kuna mwanga wa kutosha. Mvua ya siku kadhaa nayo inaweza kubadilisha mambo, maana bustani huwa tope tupu huku njia ya mfereji iliyomwagwa kokoto ikibaki imara. Hapo ni heri kukimbia mferejini kwenda na kurudi, na kuiacha bustani ikauke.

Mwendo

Tembea dakika tano hadi kumi kabla ya kuanza kukimbia, mwendo wa haraka unaoamsha pumzi. Halafu anza kukimbia kwa kasi ambayo utaiona ni ya aibu. Kipimo kinachofaa watu wote ni mazungumzo: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, kasi ni sahihi, ukiweza kuimba, unaweza kuongeza kidogo, ukitoa maneno mawili matatu na kuhema, umezidisha. Jaribu kipimo hiki kila baada ya dakika chache ukiwa mferejini, hata kama huna mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu pale hakuna kilima cha kukukumbusha. Kinachowapoteza wengi ni kwamba kasi ile ya mferejini haiumi wakati inapofanyika. Huuma baadaye, mahali pengine, nao huilaumu bustani.

Njia ninayoiona bora ya kujizuia ni kutembea chini ya kila daraja. Pale ni pembamba, ni giza, sakafu ina unyevu, na mwendesha baiskeli anaweza kutokeza upande wa pili bila kukuona. Kwa hiyo kutembea hapo ni adabu na usalama kwa pamoja, lakini faida yake kubwa ni kwamba inakupa mapumziko mafupi yaliyogawanywa na njia yenyewe. Ikiwa madaraja yametengana sana na wewe ni mgeni wa mbio, kimbia dakika mbili, tembea moja, na uendelee hivyo tangu mwanzo, kabla ya kuchoka. Anayesubiri achoke ndipo atembee hutembea sana.

Hatua ziwe fupi na nyepesi, mguu ukitua chini ya mwili badala ya kurushwa mbele. Mabega yalegee. Macho yatazame mita tano hadi kumi mbele, ambapo utaliona jiwe mapema bila kuinamisha shingo. Njia za ukingoni mara nyingi zimeinamia upande wa maji ili mvua itiririke, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga chini kidogo kuliko mwingine kwa muda wote. Ukikimbia mwelekeo uleule kila wiki, goti au nyonga ya upande mmoja itaanza kulalamika. Dawa yake ni kubadilisha mwelekeo wa mzunguko mara kwa mara katika siku zenye mwanga wa kutosha, na kukimbia katikati ya njia pale isipokuwa na watu.

Ukiingia bustanini, mambo hugeuka. Nyasi hunyonya nguvu ya kila hatua, kwa hiyo kilomita moja ya nyasi itakuchukua muda mrefu kuliko ya mferejini kwa juhudi ileile, na hilo si kosa lako. Usiifukuzie saa ya mkononi. Zaidi ya hayo, saa zinazopima umbali kwa satelaiti huyumba chini ya miti minene na madaraja, na tarakimu zinazoruka hapo hazipaswi kukuongezea kasi wala kukuvunja moyo. Inua miguu kidogo zaidi kuliko ulivyofanya kwenye kokoto, kwa maana nyasi huficha mashimo ya sungura na mizizi, na majani makavu yaliyolowa huteleza kama sabuni.

Kwenye mpando, tunza juhudi, iache kasi ipungue. Fupisha hatua, inamia mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu na si kiunoni, na ikiwa pumzi inakatika, tembea hadi juu ukiwa umenyooka. Kwenye mteremko, watu wengi hujirudisha nyuma na kufunga breki kwa visigino, jambo linaloyatwisha magoti mzigo mkubwa. Ni bora kuongeza idadi ya hatua ndogo za haraka na kuiacha miguu ikufuate. Mteremko wenye nyasi zilizolowa utembewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wapate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Mzunguko wa namna hii ukikimbiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko kati yake, unamfikisha mtu hapo bila kujiumiza. Ukitaka kuongeza, ongeza jambo moja kwa wakati, ama umbali ama kasi, kisha uache wiki chache zipite. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapojitahidi, amwone daktari kabla ya kuanza.

Viatu na vya kubeba

Hapa sina mengi. Kama njia ni kavu, viatu vya kawaida vya kukimbilia barabarani vinatosha mzunguko mzima. Wakati wa tope, viatu vyenye meno kwenye soli vitakuokoa bustanini, ingawa vitakuwa vigumu kidogo kwenye matofali ya malangoni. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu cha mguu, la sivyo mteremko utakuachia kucha nyeusi. Soksi za pamba hushika unyevu na kuleta malengelenge. Za nyuzi zinazokauka upesi ni bora. Beba simu yenye chaji, koti jepesi la mvua kama hali ya hewa haitabiriki, na maji ikiwa ni siku ya joto au utakuwa njiani zaidi ya saa moja. Mwambie mtu unapita wapi na utarudi lini. Visikizi vya masikioni, kwa maoni yangu, viachwe nyumbani, kwa kuwa kengele ya baiskeli ndiyo sauti muhimu kuliko zote katika njia hii.

Wenzako wa njiani: watu na wanyama

Njia ya mfereji haina nafasi ya kila mtu kutenda apendavyo. Kwa watembeao, punguza kasi, salimu ukiwa mita kadhaa nyuma yao, pita upande ulio mbali na maji ikiwezekana, na usimsukume mtu kuelekea ukingoni hata kidogo. Wavuvi wa ndoano hutumia fito ndefu sana ambazo huzirudisha nyuma zikakatiza njia nzima; simama, mwache avute ufito wake, kisha pita. Usiuruke. Mashua zilizoegeshwa hufungwa kwa kamba kwenye vigingi vilivyo kati ya njia na maji, na kamba hizo hazionekani vizuri wakati wa magharibi. Usivuke mfereji kwa kukimbia juu ya milango ya malango ya maji: ubao wake ni mwembamba, umelowa, na kisima kilicho chini yake ni kirefu chenye kuta zilizosimama wima.

Bata bukini na batamaji huishi ukingoni, na majira ya kutagia hulinda viota vyao kwa ukali wote. Ukimwona batamaji amepanua mabawa na kutoa sauti ya kufoka, acha kukimbia, tembea polepole ukipita mbali naye kadiri njia inavyoruhusu, na usisimame kati yake na makinda yake. Ikiwa njia yote imezibwa, rudi hadi daraja la nyuma. Hakuna ushujaa katika kupita hapo.

Katika bustani zenye malisho, ng'ombe wenye ndama ndio wa kuheshimiwa kuliko wote. Acha kukimbia tangu unapoingia malishoni, wazunguke kwa mbali, na usipite kati ya mama na mtoto. Ukiwa na mbwa, mfunge kamba karibu nawe, lakini ng'ombe wakikukimbilia mwachie, kwa sababu wanamfukuza yeye na anaweza kuwakimbia kuliko wewe. Bustani zenye kulungu nazo hubadilika wakati wa msimu wa kupandana, ambao katika nchi za Ulaya huangukia majira ya vuli: madume hupigana na hayana subira. Kaa angalau mita hamsini mbali nayo. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta limefunguliwa liache wazi, kwani mwenye mifugo ana sababu zake.

Maji yenyewe

Jambo hili nataka lisomwe kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloua. Maji ya mfereji katika nchi za baridi huwa chini ya nyuzijoto 15 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwili wenye joto la mbio ukitumbukia humo ghafla, kifua huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, moyo huenda mbio, na mtu anaweza kuvuta maji mapafuni kabla hajajaribu hata kuogelea. Ukianguka, usipigane na maji. Lala chali, masikio ndani ya maji, mdomo na pua juu, mikono ikisaidia taratibu, uelee hadi mshtuko upite. Kwa kawaida hupungua baada ya dakika moja au moja na nusu. Ndipo uite msaada na kuelekea ukingoni. Mifereji mingi si mirefu kwenda chini, kwa hiyo jaribu kusimama kabla ya kudhani huwezi, isipokuwa ndani ya malango, ambako unapaswa kutafuta ngazi iliyojengwa ukutani.

Ukimwona mwingine ametumbukia, usimrukie. Piga simu ya dharura, taja daraja au lango lililo karibu, mpigie kelele alale chali aelee, na umtupie kitu kinachoelea, liwe boya la kuokolea au hata chupa kubwa tupu. Ukiweza kumfikishia fimbo au koti, lala kifudifudi kwanza ili asikuvute. Na barafu juu ya mfereji isikanyagwe, hata ikiwa inaonekana imara na hata kama mbwa wako amekwishaipanda.

Maji haya yana hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na kuingia mwilini kupitia mikwaruzo, macho au mdomo. Kidonda chochote cha mguuni kifunikwe kabla ya kwenda, na mikono ioshwe kabla ya kula. Ukitumbukia au kumwagikiwa maji mdomoni, kisha katika wiki zinazofuata ukapata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, mweleze daktari kwamba uligusa maji ya mfereji, kwani dalili zake hufanana na mafua makali na bila maelezo hayo zinaweza kupotoshwa.

Baada ya kufika

Dakika tano hadi kumi za mwisho zitembee, na kama bustani yako ina benchi au ukuta mfupi karibu na lango, egemea hapo unyooshe mashavu ya miguu, mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa ardhi, ukihesabu hadi thelathini kwa kila upande. Kano ya kisigino ndiyo inayofanya kazi kubwa mferejini na kwenye nyasi, na ndiyo husahauliwa.

Kama ulipita kwenye majani marefu, jikague mwili mzima kutafuta kupe siku hiyohiyo: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kiunoni na nyuma ya masikio. Kupe wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaweza kueneza ugonjwa wa Laimu (Lyme), unaosababishwa na bakteria. Umkutapo, mkamate kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kumpinda wala kumminya, kisha usafishe mahali hapo. Usimpake mafuta na usimchome moto. Upele mwekundu unaopanuka, hasa wenye umbo la duara, ukitokea katika siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Viatu vilivyolowa vijazwe magazeti na kuachwa kivulini penye hewa, mbali na moto, ili gundi ya soli isiachie. Na wakati bado unakumbuka, andika mistari miwili: daraja gani ulianza kuhema, na kilima ulikipanda kwa kukimbia au kwa kutembea. Ukikuta pumzi iliisha kabla ya kutoka mferejini, punguza kasi ya mwanzo safari ijayo, na usiguse kitu kingine chochote katika mpango wako hadi ufike kwenye lango la bustani ukiwa bado unaweza kuzungumza.